Neno Ambalo Halikuandikwa kwenye Karatasi

Mkono wa Inspekta Abdiqadir ungali begani mwa Dishon Shiundu, pale pale tulipouacha wiki iliyopita. Kama gazeti la wiki hiyo hukulisoma kwa sababu mwenye bucha alikufungia nyama nalo, pole, habari yenyewe ni fupi.

Mtihani wa mwigo wa Hisabati, ambao watahiniwa wa kidato cha nne katika shule kumi na mbili za Eastlands jijini Nairobi wanapaswa kuufanya Jumatatu, umepatikana mtaani Mathare. Umenakiliwa kwa kalamu kwenye daftari la mwanafunzi, maswali yote ishirini na manne, pamoja na majibu. Leo ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mtihani huo ulichapwa kwenye kompyuta moja tu hapa duniani, ile iliyo katika duka la Kisilu Chapa Upesi, mtaa wa Umoja. Na mtu mwenye mkataba wa kuilinda kompyuta hiyo, tarehe ya kwanza hadi ya mwisho ya kila mwezi, ni Dishon Shiundu, mwenye kampuni ya Ngao Kompyuta. Kampuni hiyo ina mkurugenzi mmoja, fundi mmoja na msafishaji mmoja, na wote watatu ni Dishon.

"Neno la siri la mashine hii linajulikana na nani?" Inspekta aliuliza.

Dishon alitamani ardhi ipasuke immeze. Swali hilo alikwisha kulijibu miezi minne iliyopita, tena bila kuulizwa, siku ya kutia sahihi mkataba. Alisimama hapa hapa, akatoa kifua mbele na kutangaza kwamba neno hilo lingejulikana na watu wawili tu.

Mzee Kisilu, mwenye duka, hakusahau.

"Alisema ni wawili, Inspekta. Yeye na Kalekye. Aliapa hapo hapo aliposimama, na kofia amevua."

Kalekye, mpiga taipu wa duka, aliinuka kitini. Ni mama wa miaka arobaini hivi, mtu wa Makueni, anayechapa bila kuangalia vidole na kugombana bila kupandisha sauti.

"Mimi sijamwambia mtu. Na sikuandika kwenye karatasi. Sheria ya kwanza ya Ngao ile pale ukutani: usiandike neno la siri kwenye karatasi. Inspekta, tafuta. Ukipata karatasi yangu hata moja yenye neno hilo, nifunge leo."

Inspekta alitafuta. Alifungua droo, akapekua kapu la taka, akainua hata kalenda ya ukutani na kuchungulia nyuma yake. Hakupata kitu.

"Basi amebaki mmoja," alisema, na ule mkono ukarudi begani.

Hapo Dishon alijua anachokipoteza. Wateja wa Ngao walikuwa wanne: duka hili, kiwanda kidogo cha mikate, chama cha wachonga vinyago, na zahanati ya uzazi ya Sista Nthoki. Wote walimkabidhi mashine zao kwa sababu moja, kwamba walimwamini. Mlinzi akishaitwa mwizi, hata mahakama ikimwachilia, hakuna atakayemkabidhi mlango tena. Kamati ya mtihani ilikuwa ikutane papa hapa saa nane mchana. Alikuwa na saa nne za kuokoa jina lake.

"Inspekta, nipe dakika tano na hii mashine," aliomba. "Kila kompyuta ninayoilinda nimeitilia daftari tumboni. Ikiwashwa tu, inaandika siku na saa. Haijui kudanganya."

Aliondoa kitambaa kilichoifunika, akakikunja vizuri, akaiwasha. Kioo kikapata nuru, kikauliza neno, Dishon akaandika neno akiwa amewapa wote mgongo. Kisha akafungua lile daftari. Siku zote za wiki zilikuwa shwari, mashine imewashwa asubuhi, imezimwa jioni. Isipokuwa Jumanne. Jumanne ilizimwa saa saba kasoro dakika tano, Kalekye alipokwenda kula. Ikawashwa tena saa saba na dakika kumi.

"Ehe!" Dishon aliruka. "Ndiye huyo! Mwizi aliingia saa saba na dakika kumi!"

"Mimi nilikuwa kwa kibanda cha Mama Nafula," Kalekye alisema. "Nilikula githeri. Waulize."

"Mimi nilikuwa posta," alisema Mzee Kisilu. "Foleni ilitoka nje ya mlango."

"Na dukani alibaki nani?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna mtu," Mzee Kisilu alijibu.

Inspekta aliandika hayo yote polepole, kisha akamgeukia Dishon kwa upole wa kutisha.

"Na wewe, Bwana Shiundu? Jumanne, saa saba na dakika kumi, ulikuwa wapi?"

Dishon alianza kupangusa kioo cha kompyuta, ambacho hakikuwa na vumbi.

Msomaji, usimhukumu bado. Mtu huyu alikuwa na mahali pazuri pa kuwa Jumanne saa saba, tena penye mashahidi. Lakini alichokuwa akikifanya mahali hapo alikuwa ameapa kwenda nacho kaburini.

"Nakusubiri," alisema Inspekta.

"Nilikuwa zahanati. Kwa Sista Nthoki."

"Twende."

Zahanati ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo, na Dishon aliiona njia fupi kupita kiasi. Walimkuta Sista Nthoki mlangoni, miwani kwenye paji la uso, akimweleza mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane kwamba chumvi si adui wa kuchezewa. Alimwona Inspekta, akamwona Dishon, akamruhusu yule mama aende.

"Sista, tafadhali," Dishon alianza haraka, "mwambie Inspekta kwamba Jumanne mchana nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa. Ulifika saa sita, ukaondoka saa nane na nusu. Ulikunywa chai vikombe vitatu, ukala na mkate wa muuguzi wangu."

Dishon alihisi damu ikimrudi usoni. Alikuwa huru! Alikwisha kugeuka aondoke Inspekta alipouliza swali moja dogo tu, la kufunga daftari.

"Alikuwa akifanya nini muda wote huo?"

"Kutengeneza kilichoharibiwa na stima. Asubuhi ile niliiwasha kompyuta nitafute kadi ya mgonjwa, nikaona majina ya akina mama yanaanguka! Herufi moja moja, pu, pu, pu, hadi chini ya kioo, yamelala lundo. Huyu akaja akasema ni stima imepotea na kurudi kwa nguvu. Nimekwenda kugombana na watu wa stima mara mbili wiki hii."

Inspekta aliinua kichwa.

"Stima? Mimi ninaishi Umoja, Sista. Jumanne stima haikupotea. Jumatatu haikupotea. Wiki nzima haijapotea, na mke wangu ameanza kuogopa."

Sista Nthoki alishusha miwani kutoka kwenye paji hadi machoni.

"Shiundu," alisema. "Nani aliangusha majina ya wagonjwa wangu?"

Hapo ndipo Dishon alipotakiwa kuchagua. Akinyamaza, ushahidi wake wa Jumanne unaonekana wa kupikwa, naye anakwenda ndani kwa wizi wa mtihani. Akisema, basi mwenye Ngao atakuwa amekiri kwa kinywa chake mbele ya mteja. Alipima vyote viwili, mwizi na mjinga, na akaona kwamba ujinga angalau hauna kifungo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeileta. Ni kirusi, Sista. Kompyuta huambukizana kama watu. Nina diski moja ya kusafishia mashine. Jumatatu niliitia kwenye mashine ya kiwanda cha mikate, ambayo ilikuwa inaumwa bila mimi kujua. Ugonjwa ukapanda kwenye diski. Jioni nikapita kwako kufanya usafi wa kila mwezi, nikaitia kwenye yako. Diski ina kifungo kidogo pembeni. Ukikisogeza, hakuna kinachoweza kuandika juu yake. Sikukisogeza."

"Wateja wako wote, diski ni hiyo moja?"

"Ni hiyo moja."

Sista Nthoki alivuta pumzi hadi vifungo vya koti lake jeupe vikalalamika.

"Sindano moja kwa wagonjwa wote! Inspekta, unasikia? Mimi nikifanya hivyo hapa ndani, kesho asubuhi unakuja kunifunga. Sindano zangu nazichemsha, Shiundu. Hii yako unaichemsha wapi?"

"Haichemshwi, Sista. Inapaswa..."

"Najua haichemshwi! Nakuuliza ili uone haya!"

Dishon aliona haya. Aliona haya kweli, si ya kuigiza, kwa sababu majina yale yalikuwa ya akina mama watu na tarehe zao za kujifungua. Alikuwa ameyarudisha yote, moja moja, akilinganisha na kadi za karatasi, saa mbili na nusu bila kuinua kichwa isipokuwa kwa chai. Lakini hilo hakulisema, kwa sababu alijua halingemsaidia.

Inspekta Abdiqadir alikuwa anaandika.

"Si mwizi," alisoma alichokiandika. "Ni mzembe."

"Inspekta, ni lazima uandike hilo la pili?"

"Hilo la pili ndilo linalokutoa ndani."

"Mbele ya polisi umepona," alisema Sista Nthoki. "Mbele yangu bado. Nenda kwanza ukamalize ya huko. Ukirudi, njoo na diski tano, kila moja na jina la mteja wake, na nitakagua kifungo cha kila moja kwa mkono wangu."

Dishon alihesabu haraka, akaona wateja ni wanne. Ya tano ilikuwa ya nini, hakuthubutu kuuliza.

Saa nane kamili kamati iliingia katika duka la Kisilu. Kamati yenyewe ilikuwa Mwalimu Nyamai, kwa sababu wajumbe wengine wote walikuwa na udhuru tangu waliposikia neno polisi. Mwalimu Nyamai alikuwa mkuu wa shule kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na hadi leo akiingia mahali watu huchomekea mashati.

Walikaa wote wanne, Inspekta akaeleza akiwa amesimama. Mtu aliyefungua mashine Jumanne alijua neno. Bwana Shiundu hakuwa yeye. Mama Kalekye hakuwa yeye. Karatasi haikuwapo. Neno limetokaje?

Hakuna aliyejua. Mchana ulikuwa wa joto, bati likilia juu. Inspekta, akitafuta pa kuweka kofia yake, alikichukua kile kitambaa kinachofunika kompyuta, ili akisogeze kando. Kilikuwa kitambaa kizuri, cheupe, kilichodariziwa maua ya waridi pembe zote nne, kama vile ulivyo navyo wewe kwenye makochi yako. Katikati palikuwa na neno kubwa kwa uzi mwekundu.

"Mbitini," alisoma Inspekta, uso ukamlainika. "Nilifanya kazi huko miaka miwili. Ni kwenu, mama?"

"Ni kwetu!" Kalekye alifurahi. "Huko ndiko nilikozaliwa. Nimekidarizi mwenyewe, wiki tatu nzima."

"Maembe ya huko..."

"Inspekta," alisema Dishon kwa sauti iliyotoka mbali sana. "Weka chini hicho kitambaa."

"Kwa nini?"

"Ndilo neno."

Inspekta alikiinua zaidi, akakigeuza upande wa pili.

"Neno gani?" aliuliza Mwalimu Nyamai.

"Neno la siri, Mwalimu. Neno la siri la mashine hii ni Mbitini."

Wote walikiangalia kitambaa. Herufi zilikuwa za urefu wa kidole. Mtu angeweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara, mlango ukiwa wazi, na mlango wa duka hufunguliwa saa mbili asubuhi.

"Kalekye!" Dishon alilia.

"Kalekye nini?" Mama yule hakupepesa jicho. "Ulisema nichague neno nisiloweza kulisahau. Nikachagua. Ulisema nisiliandike kwenye karatasi. Hiki ni karatasi? Shika. Pinda. Ni karatasi hii?"

"Nilimaanisha..."

"Maana yako ilikuwa kichwani mwako, mimi nilipewa sheria ukutani. Na usinikaripie mbele ya mwalimu, kwa sababu wewe mwenyewe ulikisifu. Ulisema, 'Mama Kalekye, una mkono mzuri.' Kila mwezi unakuja, unakifunua, unakikunja vizuri, unakiweka kwa meza, halafu unatugeuzia mgongo tusione unapoandika Mbitini!"

Yote yalikuwa kweli. Miezi minne Dishon alikuwa akilikunja lile neno kwa mikono yake miwili, mara mbili, pembe kwa pembe, kisha akiwaficha watu vidole.

Inspekta alikohoa kwenye kiganja. Ukimwuliza atakwambia kilikuwa kikohozi.

"Basi," alisema Mwalimu Nyamai, "aliyekaa mbele ya kitambaa hiki Jumanne saa ya chakula ndiye tunayemtaka. Jibu tena, Mzee Kisilu. Dukani alibaki nani?"

"Nimesema hakuna mtu, Mwalimu. Alikuwapo mwalimu tu."

"Nani?"

"Mwalimu. Mwalimu Muoki, yule wa tuisheni huko Mathare. Alileta kazi ya kuchapa, nikamwambia subiri narudi. Sasa mwalimu utamwacha asimame nje kwa jua? Nilimpa kiti. Kile pale."

Kiti kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kompyuta, kimeielekea.

"Na hukumtaja asubuhi?" aliuliza Mwalimu Nyamai.

"Inspekta aliuliza ni nani," Mzee Kisilu alijitetea. "Hakuuliza habari za walimu. Yule ni mtu mpole, ana kalamu nne kwa mfuko wa shati, za rangi zote. Hata alinionyesha kosa kwenye risiti yangu!"

Inspekta alikwisha kuvaa kofia. Baada ya dakika moja hakuwapo. Alikuwa njiani kwenda Mathare.

Mwalimu Nyamai alibaki ameegemea bakora yake, akimtazama Dishon. Dishon alijua kinachofuata. Mkataba utachanwa, na habari ya kitambaa itafika kwa wachonga vinyago kabla ya jua kutua. Hakuwa mwizi, sawa. Lakini Umoja nzima ingecheka, na mlinzi anayechekwa amekwisha kazi.

"Inspekta ameniambia ya zahanati pia," alisema Mwalimu. "Sindano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uliyasema mwenyewe, au ulikamatwa?"

"Nilibanwa kwanza, Mwalimu. Halafu nikasema."

Mwalimu Nyamai alifungua mkoba wake wa ngozi na kutoa karatasi sita zilizoandikwa kwa mkono.

"Huu ni mtihani wa akiba. Maswali mapya. Saa kumi na moja jioni gari linaupitia, liupeleke ukatolewe nakala. Usipochapwa leo, watoto mia nane wa Eastlands hawana mtihani Jumatatu. Siwezi kutafuta mtu mwingine na mashine nyingine sasa hivi. Na kati ya waongo niliowafundisha, wale waliokiri niliweza kufanya nao kazi. Utaulinda wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Weka neno jipya. Lakini nikisikia neno hilo limepita masikio ya mtu yeyote asiyehusika, nitakaa chini niandike barua kwa mkono wangu, moja kwa kila shule, kila zahanati na kila duka lenye kompyuta kutoka Jogoo Road hadi Kayole, niwaeleze Ngao ni nani. Tumeelewana?"

Dishon alishukuru hadi maneno yakamwishia. Aliwageuza wote watatu watazame ukuta, Mwalimu Nyamai pia, bakora na yote. Akaweka neno jipya. Hakumwambia mtu. Kalekye aliketi kuanza kuchapa, akauliza kwa unyenyekevu uliojaa sumu:

"Na hili jipya, nisidarizi?"

"Usidarizi, usishone, na usiliimbe kanisani. Hutalijua. Ninalijua mimi peke yangu."

Alijisikia vizuri sana aliposema hivyo.

Kilichobaki ni diski. Mtihani ungetoka pale ndani ya diski mpya kabisa, isiyoguswa, na boksi la diski mpya lilikuwa ofisini kwake Buruburu, juu ya bucha. Akaenda mbio. Saa tisa na robo alikuwa amelishika boksi mkononi, karatasi yake ya nailoni haijafunguliwa, akitabasamu peke yake.

Ghafla redio ya bucha ikanyamaza. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Stima.

Baada ya dakika moja ikarudi. Mwenye bucha alishangilia. Dishon alikuwa amekwisha kuketi chini.

Kwani stima ya Buruburu ikipotea, ya Umoja hupotea kwa kuiunga mkono. Kompyuta ya Kisilu ilikuwa imezimika na mtihani ukiwa nusu. Sasa imewaka. Sasa hivi, dakika hii, inamwuliza Kalekye neno. Na neno lilikuwa limekaa hapa Buruburu, juu ya bucha, katika kichwa kimoja kisicho na simu. Dishon aliomba laini miaka mitatu iliyopita na bado anaambiwa asubiri.

Alishuka ngazi mbili mbili. Kurudi Umoja kwa miguu ni zaidi ya nusu saa, na Mzee Kisilu angeweza kuanza kuipiga mashine makofi wakati wowote. Aliufikia msururu wa simu ya kulipia pale madukani. Watu kumi na mmoja, na kila mmoja na shida yake.

"Jamani, nisaidieni! Ni mambo ya mtihani! Watoto wa kidato cha nne!"

Nairobi unaweza kumwambia mtu nyumba yako inaungua akakwambia rudi nyuma ya foleni. Lakini mtihani! Walimpisha wote, mama mwenye kikapu cha mboga za sukuma akamsukuma mbele kabisa.

Simu iliita mara moja tu.

"Shiundu!" alipiga kelele Mzee Kisilu. "Mashine inauliza neno! Kalekye ameandika Mbitini mara nne, imekataa!"

"Usiiguse! Sikiliza, neno ni Kimaeti."

"Nini?"

"Kimaeti!"

"Sikusikii, laini inakwaruza! Na hili sikio langu..."

"KIMAETI! Ni kwetu, Bungoma! Kimaeti!"

Ndiyo, msomaji. Na yeye pia.

"Taja moja moja!" Mzee Kisilu aliomba.

Dishon aliziba sikio la pili kwa kidole, akaupa msururu mgongo, akafumba macho na kunguruma. "K!"

"K ya nini?"

"K ya Kakamega!" lilisaidia basi moja zima la sauti nyuma yake. Foleni ilikuwa imechoka kusubiri na ilitaka kazi hii iishe.

"I!"

"I ya Isiolo!" foleni ikajibu.

"M!"

"M ya Machakos! Buda, mwambie Machakos, atasikia!"

"A ya Athi River!" foleni iliendelea yenyewe, bila kumsubiri.

Hapo sauti moja, tulivu na nzuri, ilitokea nyuma ya begi la mtu. "Usimkimbize. Mwache kwanza aandike hizo nne. Zimebaki tatu. E ya Embu, T ya Taveta, na I tena. Jumla ni saba. Mwambie ahesabu."

"E ya Embu, T ya Taveta, I tena!" Dishon alirudia kwa shukrani. "Jumla ni saba, Mzee, hesabu!"

Kwenye simu zilisikika herufi zikigongwa, moja moja. Foleni nzima ilishika pumzi.

"Imefunguka!" alilia Mzee Kisilu. "Kazi ya Kalekye ipo! Kurasa nne zote zipo!"

Foleni ilipiga makofi. Dishon alicheka kwa sauti, machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameuokoa mtihani, na watoto mia nane, na Ngao. Alitaka kumkumbatia kila mtu aliyesimama pale.

"Subiri, Mwalimu anakutaka."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya Mwalimu Nyamai, kavu lakini yenye furaha ndani yake.

"Vizuri, Shiundu. Inspekta amepiga simu kutoka Mathare. Chumba cha Muoki kina kufuli. Majirani wanasema ametoka mchana, kuelekea Buruburu. Lakini hilo halitutishi tena, neno ni jipya. Niambie tu ili niandike kwenye ripoti yangu: neno hili, mbali na sisi, nani mwingine amelisikia?"

Dishon aligeuka polepole, mkono wa simu ukiwa sikioni.

Wote walikuwa wanamtazama kwa huruma na udugu: utingo, akina mama, mzee mwenye begi, seremala na msumeno wake. Aliwahesabu. Walikuwa kumi.

"Shiundu? Uko hapo?"

Mama mwenye kikapu cha sukuma aliona anavyotokwa na jasho, akamsogelea na kumnong'oneza, ili kumsaidia mara ya mwisho.

"Mwambie ni sisi tu, baba. Sisi, na yule mwalimu wa kalamu nyingi aliyekupangia herufi. Naye hana neno, amekimbilia gari la Umoja, hata simu hakupiga."